Anamshonea Nguo Asiye na Mwili

Saa moja na nusu asubuhi, fundi cherehani anajifunga mdomo.

Anachukua kitambaa cheupe cha pamba, upana wa vidole vinne, anakizungusha kutoka midomoni mpaka kisogoni na kukaza fundo. Anaketi mbele ya cherehani ya kukanyaga, anasogeza kiti mara mbili, anatulia. Hana kikohozi. Jino halimuumi. Wala hajaweka nadhiri ya kunyamaza, maana ukimuuliza jambo anakishusha kitambaa kidevuni, anakujibu, anakipandisha tena.

Ana miaka sabini na moja. Mtaani wanamwita Pindo, kwa sababu hata ukimpelekea suruali iliyochanika makalio, atakagua pindo kwanza. Jina lake la kwenye vyeti analijua yeye na watu wa posta.

Mezani kuna kanzu ya hariri ya njano, urefu inchi kumi na nne. Mtu anayepita haraka atadhani ni ya mtoto mchanga. Si ya mtoto. Ni ya Mungu, na inatakiwa hekaluni leo kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Isipofika, kazi yote ya Pindo inakwenda kwa kiwanda. Kamati ya hekalu imeshamwambia hivyo, tena si kwa mafumbo.

Pindo ni Mhindu. Kwa miaka thelathini na sita ameshonea sanamu nne za hekalu lililo mwendo wa dakika kumi na tano kutoka chumbani kwake. Kwa waumini wa hekalu lile, sanamu ikishaombewa na Mungu akaalikwa kukaa ndani yake, haiitwi tena jiwe. Anakuwa mwenye nyumba. Asubuhi kuhani anamwamsha, anamwogesha, anamvika, anampa chakula. Saa sita pazia linafungwa, anapumzika. Saa kumi pazia linafunguliwa, naye awe amependeza.

"Kabla ya kualikwa ni jiwe tu," anasema Pindo. "Aliyelichonga alilikalia akila chakula cha mchana. Hakuna ubaya. Lakini akishaingia mgeni, humwachi na nguo ya jana."

Ujira wa kanzu moja unamtosha chakula cha siku tisa. Anashona mbili kwa mwezi. Siku zilizobaki anazijaza kwa zipu na vifungo vya majirani.

Chumba chenyewe ni kimoja, kimegawanywa kwa kabati. Nyuma ya kabati kuna kitanda na jiko la mafuta. Mbele kuna cherehani, meza ya kukatia, pasi nzito ya chuma, na viti viwili. Kimoja anakalia. Cha pili kimeegeshwa ukutani, na juu yake kuna kimto cha sindano, kile kifuko kidogo kilichojazwa pamba. Hapo ndipo alipokuwa anakaa mke wake.

Mke wake hakushona hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano za mkono, maana ya cherehani ina kitungio chake.

"Kila jioni ananitungia sindano ishirini na kuzichomeka kwenye kimto. Mimi asubuhi nachomoa tu. Macho yangu yalianza kuharibika nikiwa na miaka hamsini, lakini sikujua kama yameharibika. Nitajuaje? Sikuwahi kuutafuta mlango wa sindano."

Alifariki miaka miwili na miezi minne iliyopita. Siku aliporudi kutoka kumchoma maiti, kama wafanyavyo wao, Pindo alikuta kwenye kimto sindano saba zenye uzi. Alizitumia sita. Ya saba aliiacha pale pale, na uzi wake mweupe unaning'inia.

Binti yake mmoja anaishi mbali, hupiga simu kila Jumapili. Wanaongea dakika nne. Ya tano wote wawili wanasikilizana wakipumua, halafu mmoja anasema haya basi.

Mtu anayeongea naye kila siku ni mmoja tu, fundi simu wa chumba cha pili, mama wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya kuuza samaki na vidole vya daktari wa upasuaji. Yeye si Mhindu. Hekalu analipita kwa nje tu. Saa mbili kasoro anaingia bila hodi, kikombe mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu. Hivi hii nguo ni ya nani?"

Pindo anashusha kitambaa. "Marahaba. Ya yule wa filimbi." Anamaanisha Krishna, ile sanamu iliyosimama na filimbi.

"Si juzi juzi tu ulimshonea huyo huyo nyingine?"

"Ile alishaivaa. Wewe shati la juzi umelivaa leo?"

Fundi simu anajitazama kifuani. "Eh. Tusiingiliane."

Anavuta kiti cha ukutani, anakiweka kimto mapajani, anaanza kutunga sindano. Moja, mbili, tatu, bila hata kukunja uso. Hiyo ndiyo kazi yake ya kujitolea siku hizi nne. Akitunga lazima aulize, hajui kukaa kimya.

"Hebu nieleze leo, maana jana ulinikwepa. Mna miungu mingapi?"

"Mmoja."

"Mzee, mimi pale mlangoni nimechungulia. Nimehesabu wanne."

"Umehesabu sanamu. Mwanao akikupigia kwa simu yake, halafu kwa simu ya baba yake, halafu kwa simu ya jirani, una watoto watatu?"

"Ninaye mmoja, na salio lake haliishi kuisha."

"Basi. Anayepiga ni yule yule."

Pindo anasema huyo anayepiga wao humwita Brahman, na kwamba hana umbo, hana rangi, hana mwanzo. Hakuna mahali asipokuwepo. Wapo Wahindu wasiotaka sanamu kabisa, wanafumba macho tu. Wapo kama yeye, ambao wakifumba macho wanaona giza.

Fundi simu anashika sindano juu ya mwanga. "Sasa mzee, kama hana mwili, unampima wapi?"

Pindo anacheka ndani ya kitambaa. "Hilo lilikuwa swali la marehemu. Kila mwezi."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia anipe sindano."

Halafu anasogeza kanzu kando, jambo ambalo hafanyi ovyo. "Yeye nguo hazihitaji. Hasikii baridi, haendi harusini. Mwenye haja ni mimi. Mimi sijui kumpenda mtu nisiyejua vipimo vyake."

Vipimo anavyo. Viko kwenye daftari la jalada jekundu, kurasa nne, sanamu nne. Lakini hakuvipima mwenyewe. Fundi haruhusiwi kuingia nyuma ya pazia wala kugusa sanamu. Miaka thelathini na sita iliyopita, kuhani wa wakati ule aliingia na utepe, akapima, akawa anatamka inchi kwa sauti. Pindo alikaa upande wa pili wa pazia akiandika. Bega la kushoto tatu na robo. La kulia tatu kasoro. Kiuno kimeenda upande.

Kwa hiyo miaka yote hiyo hajawahi kumgusa mteja wake.

Lililompata ni hivi.

Nguo ya Mungu ina masharti. Fundi anaoga kabla ya kushika kitambaa. Hali chochote akiwa kazini. Kitu kilichoguswa na mdomo wa mtu, hata tone la mate, hakitolewi kwake. Huwezi kumwekea mgeni sahani uliyokwisha kuilamba. Na mafundi wote wa dunia hii, ukiwapa uzi usiopenya, wanafanya jambo moja. Wanaulamba ncha.

Siku tano zilizopita, kanzu ya njano ilikuwa karibu kwisha. Ilibaki pindo. Pindo alijaribu kutunga uzi mara kumi na kitu. Uzi ukapita kushoto, ukapita kulia. Halafu ukapita.

"Nikashona kama shibiri mbili," anasimulia. "Nikasikia ladha. Ile rangi ya uzi ina uchungu kidogo. Nikajiuliza, hii ladha imeingiaje mdomoni? Nikasimamisha mkono."

Hapo mtu mwingine angekata uzi ule, akaanza upya, maisha yakaendelea. Chumbani alikuwa peke yake. Lakini kilichomkalisha chini ni kwamba ladha yenyewe haikuwa ngeni.

"Naijua ile ladha. Nimekuwa nayo tangu mke wangu alipoondoka. Nilidhani ni uzee. Kumbe kila siku nalamba, na sijijui."

Kanzu mbili kwa mwezi, miezi ishirini na minane. Hamsini na sita. Labda zote, labda nusu. Hawezi kujua, na nguo zenyewe zimeshavaliwa, zimeshavuliwa, zimeshagawiwa waumini kama baraka. Watu wamezikunja wakaziweka kabatini na vitu vyao vya thamani.

Fundi simu ndiye aliyemkuta amekaa, kanzu mapajani, sindano hewani. Alidhani mzee amepata kiharusi.

"Nilimpiga piga mashavu," anasema mama huyo. "Akaniambia niache, yeye mzima, amemlisha Mungu mate. Nikasema sasa ndiyo kiharusi chenyewe."

Alipoelezwa, alitoa ushauri wa kibiashara. "Nilimwambia nyamaza. Fumua kipande hicho, peleka mzigo, hakuna aliyekuona."

"Ukaniuliza, Mungu wenu anaona mpaka ndani ya mdomo?" Pindo anamkumbusha.

"Na wewe ukanijibu vibaya."

"Nilisema yumo mpaka ndani ya uzi. Hana haja ya kuchungulia."

Aliifumua kanzu nzima. Aliitupa hariri ile, akanunua nyingine kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya miwani, akaanza upya. Siku nne. Na kwa kuwa mdomo wake hauaminiki tena, aliufunga. Fundi simu alijitolea kutunga sindano tano kila asubuhi kabla ya kufungua duka, kwa ahadi kwamba hatalamba kitu. Bado hawajamaliza kutaniana kuhusu hilo.

"Mwisho wa mwezi nahama lakini," anamkumbusha leo, akichomeka sindano ya mwisho. "Nimepata chumba karibu na nyumbani. Mtoto anaanza shule, siwezi kuvuka mji mara mbili."

"Nimesikia tangu wiki iliyopita."

"Nakukumbusha tu."

"Nimesikia, mama."

Fundi simu anarudisha kiti ukutani, kimto juu yake, anakwenda kufungua duka. Pindo anapandisha kitambaa. Mpaka saa saba mchana hakuna sauti nyingine chumbani humo zaidi ya kanyagio.

Saa saba na robo inabaki shibiri moja ya pindo, kwa mkono. Sindano za fundi simu hazijaisha. Lakini Pindo anachomoa ile ya saba, ya mkewe, yenye uzi mweupe. Anashona taratibu, kwa ndani, pasipoonekana. Uzi unatosha inchi nne hivi. Kilichobaki anamalizia na wa njano.

"Katika chumba hiki, uzi ambao nilikuwa na hakika nao ni ule tu," anasema baadaye.

Saa nane na nusu anaoga mara ya pili, anavaa shati jeupe, anaikunja kanzu ndani ya taulo safi. Anatembea. Hapandi kitu, hataki kubanwa na watu akiwa na nguo ile.

Hekaluni anavua viatu kwenye ngazi. Ukumbi ni baridi, sakafu ya marumaru, feni moja inazunguka bila kupuliza mtu. Nyuma ya pazia la rangi ya damu ya mzee, Mungu anapumzika. Mbele ya pazia wamekaa wawili: kuhani, ambaye ni kijana wa miaka thelathini aliyerithi kazi kwa mjomba wake, na mwenyekiti wa kamati. Mbele ya mwenyekiti kuna boksi limefunguliwa. Ndani yake kanzu zinang'aa ndani ya mifuko ya nailoni.

"Afadhali umefika, mzee," anasema mwenyekiti. "Nimeshaanza kufungua hizi. Zimekuja zimepigwa pasi kabisa. Vifungo, nakshi, kila kitu. Na hawaumwi macho."

Pindo anaweka taulo sakafuni. Haifungui.

"Kuhani, kabla hujaipokea, nina neno."

Anasema lote, palepale, mwenyekiti akisikia. Hakupunguza. Hata ile idadi aliitaja, hamsini na sita.

Mwenyekiti anamtazama kama mtu aliyeona ng'ombe anapanda ngazi. "Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo nimesema."

"Mzee wangu, ungenyamaza tu. Mimi nilikuwa nimeshawaambia wenzangu tukupe mpaka mwakani. Sasa nitawaambia nini?"

 Pindo anamgeukia kuhani. "Wewe hutufundisha hapa kila wiki kwamba yumo ndani ya kila kitu. Basi alikuwemo kwenye uzi ule nilipouweka mdomoni. Nataka kujua amekaa humo na kinyongo miaka miwili, au vipi."

Kuhani analigeukia pazia. Feni inalia.

"Kama alikuwemo kwenye uzi," anasema hatimaye, "basi alikuwemo na chumbani. Aliona hakuna wa kukutungia."

Pindo anatazama chini. Anafuta pua kwa kiganja, halafu anakumbuka yuko wapi, anaficha mkono nyuma.

"Lakini utaratibu upo palepale," kuhani anaendelea. "Kesho nitaziosha sanamu zote na kuomba upya. Hii ya leo?"

"Hii ni safi."

"Umejuaje?"

"Nilijifunga mdomo."

Kuhani anachukua taulo. Mwenyekiti naye anatoa kanzu nne za kiwandani, anamkabidhi, anasema zijaribiwe zote, hakuna ugomvi. Kuhani anaingia nyuma ya pazia na nguo zote. Wazee wawili wanabaki nje, wakisikiliza nailoni ikipasuliwa.

Sauti ya kuhani inatoka ndani. Tatu zimekaa vizuri. Ya nne, ya yule wa filimbi, haikai. Sanamu ile imepinda mara tatu, shingoni, kiunoni na gotini, namna anavyosimama mpiga filimbi. Kanzu ya kiwandani imekatwa kwa mtu aliyesimama wima. Inaning'inia bega moja kama koti msumarini.

"Ibane na pini," anasema mwenyekiti.

"Kwenye mwili wa Mungu?" inauliza sauti.

Mwenyekiti anakuna sikio. "Basi mvike ya mzee."

Ndivyo ilivyoamuliwa, bila kikao. Sanamu tatu zitavaa za boksi kuanzia leo. Iliyopinda itabaki na Pindo, kanzu moja kwa mwezi. Ujira wake umekatwa nusu, na hakuna aliyempa pole wala hongera.

Saa kumi kengele inalia, pazia linavutwa. Watu kumi na moja wanainuka na kukunja mikono. Pindo amesimama nyuma kabisa, karibu na viatu. Kule mbele, njano ya kanzu inapanda na kushuka kufuata jiwe lilivyopinda, bega la kushoto tatu na robo, la kulia tatu kasoro. Hakuna anayetazama pindo. Bibi mmoja anasema amependeza leo, akimaanisha Mungu, na Pindo anatikisa kichwa kukubali.

Anarudi kwa miguu. Taulo tupu begani.

Njiani mwandishi anamuuliza atafanya nini fundi simu akihama. Anasema ameshanunua boksi la sindano mia moja, na mama huyo ameahidi kuzitunga zote kabla hajaondoka. Sindano ishirini kwa kanzu. Ni kanzu tano, miezi mitano.

Na baada ya hapo?

Pindo anaongeza mwendo mpaka mlangoni kwake. Anaingia, anawasha taa, anaizima, bado jua lipo. Anatoka na kile kiti cha ukutani. Anakiweka nje kwenye njia ya watu, anarudi kuleta cha kwake, anakiweka kando yake. Hajawahi kukaa nje. Fundi simu anamwona kupitia dirisha lake, anaacha koleo mezani.

"Mzee, kuna nini? Nyumba inaungua?"

"Najaribu tu."

Anaketi. Mkono mmoja ana sindano, mwingine uzi wa njano. Anaeleza mpango wake bila kumtazama mtu. Miezi mitano ikiisha atakuwa anakaa hapa kila asubuhi, kiti cha pili wazi. Kama kweli Mungu yumo ndani ya kila mtu, basi lazima apite hapa, na lazima awe na macho mazuri kuliko yake.

"Atakayesimama wa kwanza, ndiye," anasema. "Nitamkaribisha akae. Na nitamwambia neno moja tu. Asilambe."

Mtu mwenye mkoba anapita, anaongea na simu. Mwingine anapita, anatazama sindano, hasimami. Pindo anasogeza kiti kitupu kidogo kuelekea barabarani.